Chupa ya Chai ya Adhiambo

Siku ile chumbani tulikuwa watano. Mimi, Wakesho, kiongozi wa kikundi chetu cha maombi. Mama Juliet wa Machakos, mpishi, mkubwa wetu sote kwa umri. Pendo wa Dodoma, aliyesafisha saluni Ruwi, hapo Maskati, na kulala Darsait na wenzake, juu ya karakana ya viti vya magari. Babirye wa Jinja, mdogo wetu, aliyekuwa akilia tangu tulipoketi. Na Adhiambo wa upande wa Ziwa, aliyefika na chupa yake ya chai kama kila Ijumaa, bila kujua kwamba tulikuwa tumekwisha kukubaliana kumtoa.

Ninaandika majina yote kwa sababu ninyi mnaoshika vikundi sasa mmeisikia habari hii ikisimuliwa bila majina. Mnaambiwa, "Zamani kikundi kilimtoa dada mmoja kwa makosa." Kikundi hakina mdomo. Aliyesema neno la mwisho ni mimi.

Mtaniuliza nilipataje kuwa kiongozi, mimi niliyeacha shule darasa la sita. Nilichaguliwa kwa sababu nilikuwa na saa ya mkononi. Msicheke, ni kweli. Katika uwanja wa makanisa pale Ruwi, kila watu wana zamu yao. Chumba chetu kilikuwa na Wafilipino kabla yetu, na saa tisa kamili Wamalayali, Wakristo wa kusini mwa India, waligonga mlango, wapole kabisa, wamebeba vitabu vyao vya nyimbo. Anayeomba bila kuangalia saa anawaombea watu walioko nje kwenye jua.

Ijumaa yangu ya kwanza niliomba nikapitiliza. Nilianza na uumbaji, nikashuka taratibu, nilipofika kwa watawala wa dunia mlango ukagongwa. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ametaja haja yake. Tulipokuwa tukikusanya viti, Mama Juliet alinivuta kando.

"Wakesho, Mungu unamfundisha jiografia ya nini? Anajua Kenya iko wapi."

"Samahani, Mama."

"Huyu Pendo amekaa wiki nzima akiitwa 'wewe'. Hapa ndipo pekee anapoitwa jina. Ana saa mbili tu, na umezimaliza wewe. Ijumaa ijayo uombe kama mtu anayeshikilia mlango wa lifti."

Hilo ndilo somo langu la kwanza la uongozi, na bado sijapata lingine linalolishinda. Funga mdomo, mtu aseme. Akimaliza, usikimbilie kusema amina. Ngoja kidogo. Mara nyingi lile lililomleta hulisema akiwa ameshasimama, mkono uko kwenye begi.

Nilijifunza pia kuketi karibu na mlango, ili anayetaka kutoka kulia asipite mbele za watu. Nilijifunza kutomshika mtu bega bila kumwuliza, maana wengine wana sehemu za mwili zinazouma na hawajasema kwa nini. Na nilijifunza kuwa mtu akisema "niombeeni tu, haja ya moyoni," usimchimbe. Lakini umpigie simu Jumapili.

Sasa niwaeleze habari ya maombi ya sauti, kwa sababu ndiko kosa lilikozaliwa.

Si wote waliopata Ijumaa. Wengine walipewa siku moja kwa mwezi, wengine hawakupewa kabisa. Hao niliwatumia maombi kwenye simu, kila mmoja yake, kwa jina lake na haja yake. Nilikuwa nikifanya kazi Al Khoudh, katika nyumba ya Bi Salma, na nilirekodi juu ya paa nikianika nguo. Dada zetu waliyasikiliza jikoni, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, mikono ikiwa majini. Walipenda sana. Mmoja aliniambia kwamba akisikia jina lake mle ndani ya simu, huona kama amekatiwa nafasi duniani.

Bi Salma alizaliwa Unguja, akaletwa Maskati akiwa msichana, akaolewa, akazaa, akazeeka. Kiarabu alikiongea na wajukuu na daktari. Kiswahili alikihifadhi kwa ajili ya mambo ya maana. Siku moja alipanda ngazi hadi paani, akiwa ameshika kiuno, akanikuta katikati ya sala.

"Wakesho! Huyo Mungu wako kahamia Barka? Mbona wampigia kelele hivyo?"

"Naomba, Bibi. Samahani."

"Omba, mwanangu, mimi sikukatazi kuomba. Lakini nnakwambia neno. Katika Maskati hii usiseme siri ya mtu kwa Kiswahili ukadhani umeifunga kwenye kitambaa. Hujui nani kazaliwa Ng'ambo, kule Unguja. Kuna mabibi humu wanakaa kimya kama viti, na kila neno wanalifahamu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Alichukua nguo moja ya mtoto kwenye kamba, akaikunja, akashuka.

Basi nilionywa. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Alikuwepo Esta, wa Iganga, wa sita wetu. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu na alifanya kazi Mawaleh, akilea mtoto wa miezi minane. Esta alikuwa mzaliwa wa kwanza, baba na mama wamekufa, wadogo wawili wako sekondari. Mimi pia ndivyo nilivyokuwa: mama alipofariki, mwaka mmoja baada ya baba, nilibaki na wadogo wanne na jiko lisilo na moto. Kwa hiyo Esta nilimpenda kwa upendeleo. Nalisema wazi. Kiongozi atakuwa na mmoja anayempenda zaidi, na huyo ndiye atakayemkosea zaidi.

Esta alianza kukohoa wakati wa baridi. Mwanzoni ilikuwa kiyoyozi, halafu ikawa vumbi, halafu akaacha kusema ni nini. Akakonda. Ijumaa moja alitueleza: kibali chake cha kukaa nchini, kile tunachokiita bataka, kilikuwa karibu kuisha, na kukifanya upya lazima upimwe damu na upigwe picha ya kifua. Aliogopa picha ile. Akionekana ana ugonjwa, atarudishwa.

"Niombeeni kifua kiwe safi kabla ya kipimo," alisema.

Adhiambo alikuwa akimimina chai. Alisema bila kuinua kichwa, "Nenda hospitali sasa, Esta."

"Bataka anayo madam. Nikiiomba ataniuliza ninaumwa nini."

"Mwambie unaumwa."

"Adhiambo, hebu usimtishe mtoto," nilisema.

"Simtishi. Unalala chumba kimoja na mtoto wa watu, Esta. Utakohoa mdomo ukiwa kwenye mto mpaka lini? Na wewe Dada Wakesho, mwombee, lakini mwombee akiwa kwenye foleni ya daktari."

Mimi ndiye niliyemjibu. Nilisema imani haichanganywi na hofu. Nilisema tutafunga siku saba, kisha siku saba nyingine. Nikamwambia Esta, "Subiri. Mungu hajachelewa." Nilimwambia Esta asubiri, akasubiri miezi miwili na nusu, kwa sababu aliniamini kuliko alivyoamini kifua chake mwenyewe.

Ninyi mnaoongoza, neno "subiri" ni rahisi sana mdomoni mwa mtu asiyekohoa.

Jumanne moja Esta hakuwa ameonekana wiki mbili. Nikapanda paani na nguo mbichi, nikamrekodia. Nilimtaja jina. Nilitaja kifua, homa za usiku, damu aliyoiona kwenye kitambaa, nikamtaja na yule mtoto anayelala naye, kwamba Bwana amfunike asiambukizwe. Nilitaja kipimo, na nikaomba macho ya wapimaji yafumbwe. Kisha nikatuma, nikaendelea kuanika.

Nyumba ya Esta walizungumza Kiarabu kitupu. Ndivyo alivyojua. Wiki ile bibi wa mtoto, mama yake baba, alikuwa amekuja kutoka Sur kuwatembelea. Esta hakuwa amemsikia akisema ila Kiarabu. Basi akafanya kama siku zote: akaegemeza simu kwenye kopo, akafungulia maji, akasikiliza.

Yule bibi alikuwa ameketi kwenye kiti cha jikoni akichambua mchele. Aliisikiliza sala yote. Ilipokwisha akasema, "Amin." Kisha akainuka, akaenda sebuleni kumwita mwanawe.

Nimeyajua hayo kwa sababu Esta aliniandikia mwenyewe Jumatano, walipomrudishia simu. Walikuwa wamempeleka hospitali siku ile ile ya Jumanne. Hawakumpiga wala kumtukana. Mtoto walimpeleka kupimwa pia, na madam alilia mbele yake akimwuliza, "Kwa nini hukusema? Kwa nini hukusema?" Tiketi ilikuwa imekatwa. Mwisho wa ujumbe aliandika, "Bibi anajua Kiswahili dada. Amesikia maombi yako. Usijali, Mungu ni yule yule."

Nilisoma mara mbili, nimesimama katikati ya shuka zilizoanikwa. Kisha nikaufuta.

Sijui niwaeleze vipi. Sikupanga. Kidole kilikwenda chenyewe, kama kilivyokwenda nilipokuwa msichana na jirani akiuliza, "Mmekula?" nami nikijibu, "Tumekula, ahsante," wadogo zangu wakinitazama. Mkubwa aliyeachiwa wadogo hujifunza mapema kwamba yeye hakosei. Akionekana amekosea, watu watakuja kuwagawana watoto. Nilijenga nyumba nzima kwa kuficha, na watu wanne walikua ndani yake wakawa watu wazima. Nani angeniambia kwamba ni ugonjwa?

Esta aliondoka Alhamisi. Ijumaa ndiyo ile niliyoanza nayo.

Babirye alikuwa amewapigia wote simu usiku uliotangulia, akisema Adhiambo ndiye aliyetoboa siri ya Esta. Adhiambo alifanya kazi kwa dada yake yule madam wa Esta, mtaa mmoja. Adhiambo ndiye aliyesema Esta aseme. Mnaona jinsi ilivyokaa vizuri. Hakukuwa na haja ya shahidi. Nami nilipigiwa pia, nikasema, "Tutaona kesho." Hayo maneno mawili yalitosha kumhukumu.

Adhiambo aliingia, akaweka chupa mezani, akapanga vikombe.

"Leo nimetia tangawizi nyingi," alisema. "Babirye, unalia nini?"

"Niulize tena!" Babirye alisimama. "Umefurahi? Umemchoma kwa madam wako, naye akampigia dadake. Umefurahi?"

"Mimi?"

"Ulisema hapa, sote tumekusikia!"

"Nilisema aende hospitali. Nilisema hapa, mbele yake. Kama nilitaka kumchoma ningesema hapa?" Alimgeukia Pendo. Pendo alitazama viatu vyake. Alimgeukia Mama Juliet.

"Mimi sijui, mwanangu," Mama Juliet alisema. "Sijui. Hata kama ni wewe uliyesema, ungekiri?"

Ndipo akanigeukia mimi. Nataka mjue alivyonitazama. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu aliyefika kwenye dirisha la ofisi na karatasi zote anazo.

"Dada Wakesho, wewe unanijua. Waambie."

Nilikuwa na sauti yangu ya uongozi, ile laini. Mnaifahamu, nanyi mnayo. Nikasema, "Adhiambo, mioyo imeumia. Labda upumzike kidogo, mpaka Mungu aweke wazi."

Mungu alikuwa ameweka wazi siku mbili nyuma, kwenye simu iliyokuwa mfukoni mwangu.

Adhiambo alichukua begi lake. Mlangoni alisimama, mkono uko kwenye begi, na nikadhani atasema lile lililomleta. Alisema, "Chai imeshakuja. Kunyweni, isipoe." Akatoka.

Tukainywa. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote. Tulikaa pale watu wanne, tukamimina chai ya mtu tuliyemfukuza, tukainywa, ilikuwa na tangawizi nyingi. Kisha Wamalayali wakagonga.

Miezi saba niliendelea kuongoza. Nilisoma Neno, nikaomba, nikapigia watu simu Jumapili. Hakuna aliyeona tofauti, na hilo liwatie hofu. Mtu anaweza kuongoza maombi vizuri sana huku amekalia kitu. Hata kikundi kikakua. Chupa ya Adhiambo niliichukua nikaiosha nikaiweka juu ya kabati langu Al Khoudh. Nilijiambia nitampelekea. Kutoka Al Khoudh hadi Mawaleh si safari. Sikumpelekea.

Ijumaa moja Babirye aliingia na habari kutoka Iganga. Esta alikuwa amefariki. Dawa alipewa, lakini alizianza mwili umeshachoka. Babirye hakulia safari hii. Alisema tu, "Adhiambo amemuua," akaketi, na wale wasichana wapya wawili ambao hawakumjua Adhiambo wakatikisa vichwa wakaguna.

Kuona watu wasiomjua wakimgunia, hilo ndilo lililonishinda. Nilisimama. Sikutumia ile sauti laini. Nikasema, "Ni mimi. Maombi yangu ndiyo yaliyosikika. Esta aliniandikia, nikafuta. Na ni mimi niliyemwambia asubiri. Adhiambo hakusema neno kwa mtu."

Kiyoyozi kilikuwa kikidondosha maji kwenye ndoo, nikayasikia.

"Ulijua siku ile?" Pendo aliuliza. "Tulipokuwa tumekaa hapa, ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

Alichukua begi lake akaondoka, na hakurudi kwetu tena. Babirye alikuja karibu nami, nikadhani atanipiga, na ningemwacha. Akasema tu, "Ulinifanya nimtukane." Kisha akarudi kuketi.

Nilimwambia Mama Juliet kwamba ninaacha uongozi.

"Uende wapi?" aliniuliza.

"Nikae kimya, Mama."

"Umekaa kimya miezi saba, hukushiba? Utakaa papo hapo mbele yetu, ukiona aibu. Hiyo ndiyo kazi yako sasa. Na kwanza, nenda ukamwambie mwenyewe."

Namba ya Adhiambo haikupatikana. Nikamwomba Bi Salma msaada, naye baada ya kunisikiliza yote akavaa baibui yake na kuniambia nipande gari. Njia nzima hakusema "nilikuonya." Afadhali angesema. Mawaleh alishuka yeye, akagonga mlango, akaongea na mwenye nyumba kwa Kiarabu. Aliporudi alifunga mlango wa gari taratibu.

"Mkataba wake umekwisha, kaenda kwao mwezi uliopita. Bibie anasema alikuwa mfanyakazi mwema. Anasema miezi ya mwisho hakuwa akitoka Ijumaa, yuwakaa tu chumbani." Akanipa kitambaa. "Futa uso. Dereva yuwaona."

Niliongoza miaka minne zaidi, nikiona aibu. Yale mnayoyafuata sasa kama sheria za kikundi yalitoka huko. Sala ya simu haitaji jina wala haja. Mgonjwa husindikizwa kwanza hospitali, na ikibidi kumkabili madam, twende naye tukaseme tukiwa wawili. Hakuna mtu atakayetolewa siku ile ile anayoshtakiwa. Na kila mwaka kiongozi ataeleza kosa lake mbele ya watu, kosa halisi lenye jina la mtu, si "nimepungukiwa katika maombi." Mliponiuliza kwa nini sheria hii ya mwisho ni kali hivyo, niliwajibu kwamba mtaelewa. Basi, ndiyo hiyo.

Nilirudi nyumbani Taita na masanduku mawili, na chupa ya Adhiambo nimeizungushia kanga ndani ya begi la mkononi. Wadogo zangu walidhani ni zawadi.

Mwaka huu nilisafiri hadi upande wa Ziwa. Nilikuwa na jina la soko tu, alilolitaja siku moja akitusimulia utoto wake. Niliuliza kanisa moja, likanituma jingine, na siku ya pili mchana nikafika kwa mama yake. Mwanamke mrefu, anafanana naye mabega. Adhiambo hayupo. Yuko Doha, kazi ile ile.

"Anasali huko?" nilimwuliza. Sijui kwa nini nilianza na hilo.

"Aliniambia kusali ni kwa wenye marafiki," mama yake alijibu. "Wewe ni nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia lote, kama nilivyowaambia ninyi, na nikampa chupa kwa mikono miwili. Nikamwomba amfikishie mwanawe kwamba alisema kweli tangu mwanzo, na kwamba aliyenyamaza ni mimi.

Alifungua chupa, akaitazama ndani, akaifunga.

"Chupa nitaipokea," alisema. "Ni yake. Hayo maneno sitayabeba. Ulimnyamazia uso kwa uso, utamwambia uso kwa uso. Anakuja Desemba."

Alinipa namba yake ya Doha. Ninayo hapa. Ningeweza kurekodi sasa hivi, nguo zangu ziko kwenye kamba. Sirekodi. Ninangoja Desemba, na mpaka hapo bado ninadaiwa.